Haya ya Mama Feza, na Yangu

Tulimzika Mama Feza siku ya Alhamisi, na matanga yakaendelea nyumbani kwake mtaa wa Kataki mpaka Jumapili. Siku zote hizo nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, magoti yakiniuma, nikinywa chai iliyopoa na kusikiliza watu wakimsifu. Siku ya mwisho mkwe wake, mume wa binti yake Riziki, alisimama na karatasi mbili na kutusomea historia ya marehemu: alizaliwa kijiji gani, alibatizwa na nani, aliwapikia wafanyakazi wa bandari miaka mingapi, na kwamba kwa miaka kumi na mmoja alikuwa msomaji wa Neno katika kikundi cha wamama wa kanisa. Kutoka hapo akaruka moja kwa moja hadi kwenye ugonjwa wa moyo. Watu wakaitika amina. Mimi nilitazama miguu yangu. Sikuwalaumu, maana hakuna anayesimama mbele ya wafiwa akasoma mambo kama yale. Lakini mwaka walioruka ndio ninaoujua kuliko mingine yote, kwa kuwa mimi ndiye niliyemletea yaliyompata, na tangu yeye aondoke habari yote imebaki kwangu. Nimechoka kukaa nayo. Naiandika kama ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nikisema kwenye redio ndogo ya hapa Kalemie. Ninaposema redio, msifikirie jumba. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isigonge, dirisha limefunikwa kwa blanketi ya kijivu, na ndani kulikuwa na meza, mikro mbili za kusemea na joto la kutosha kuivisha mkate. Jenereta ilikuwa uani, na kila pikipiki iliyojaribiwa dukani ilisikika hewani. Mkurugenzi wetu, Papa Anselme, alikuwa mtu mrefu wa kuinama, mwalimu wa zamani, aliyezoea kusahihisha Kifaransa cha matangazo ya vifo kabla ya kuyaruhusu yasomwe. Alinichukua kwa sababu nilikuwa na sauti nzuri na kwa sababu nilikuwa nimefaulu mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Sauti ilikuwa kweli. Mtihani ulikuwa uongo.

Uongo huo sikuutafuta, na hilo nilijiambia miaka mingi kana kwamba linasaidia. Siku matokeo yaliposomwa redioni, jirani yetu alikuwa akisikiliza huku akifua, akasikia jina Mapendo Kasongo. Hakusikia jina la shule. Alikuja mbio na kopo la poda ya watoto, ile tunayomwagia aliyefaulu, na kabla sijafungua mdomo nilikuwa mweupe kichwani, mabegani, hadi kwenye kope. Wanawake wakapiga vigelegele, mtu akaleta soda, watoto wakacheza. Mapendo Kasongo wa shule yangu alikuwa ameanguka kwa mara ya pili, na nilijua, kwa maana asubuhi nilikuwa nimeiona orodha ukutani. Nilisimama katikati ya uani nikiwa na poda mdomoni, nikangoja pawe na nafasi ya kusema. Haikupatikana. Baadaye kila aliyeniomba diploma nilimjibu lile jibu ambalo mji mzima unalijua na hakuna anayeweza kulipinga: bado haijafika kutoka Kinshasa.

Kitabu kilichoanzisha yote kilikuja mwanzoni mwa mwaka ule walioruka. Mama mmoja kutoka Bukavu, mshauri wa watu waliokuwa wamekimbia vita, alipanga chumba karibu na redio. Alipohama aliacha katoni, na ndani yake mlikuwa na fotokopi nene ya kitabu cha Kifaransa, imeunganishwa kwa waya, bila jalada. Mpaka leo sijui nani alikiandika. Kilikuwa kitabu cha aina ile inayomfundisha mtu namna ya kuishi na nafsi yake, na kilikuwa kikizungumzia haya, yaani aibu: jinsi haya inavyokua kwa kufichwa, jinsi mtu anavyojijengea ukuta na kufa njaa ndani yake, jinsi anayethubutu kuonyesha udhaifu wake anavyopata hewa. Nilikisoma na kamusi mapajani. Kuna kurasa nilizozisoma nikiwa nimeshika kifua, kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe kwenye umati. Ungedhani basi ningeenda kwa Papa Anselme kumwambia ukweli. Badala yake nilimwendea kumwomba kipindi.

Alinipa nusu saa ya Jumamosi alasiri. Shida ya kwanza ilikuwa maneno. Kitabu kilipenda sana neno vulnérable, yaani mtu aliye wazi kuumizwa, na Jumamosi ya kwanza nililisema kama lilivyo, nikawaambia wasikilizaji kwamba wasiogope kuwa vulnérable. Jumatatu tulikuta wamama watano mlangoni na vitambulisho vyao. Tangu vita, katika mji huu vulnérable ni mtu aliyeandikwa kwenye orodha ya msaada, anayepanga foleni kwa ajili ya maharagwe na turubai. Walitaka kujua uandikishaji unafanyika wapi. Papa Anselme aliwaeleza kwa upole, wakaondoka wamekasirika, ndipo akanigeukia.

"Mapendo, ile neno usirudie kwenye mikro. Hapa muntu vulnérable njo mwenye anangoja kupewa."

"Sasa niseme nini, Papa?"

Alifikiri, akikwangua meza kwa ukucha. "Sema fasi yenye inauma. Muntu aonyeshe fasi yenye inauma."

Ndivyo nilivyosema tangu hapo, mahali panapouma, na watu wakaelewa. Neno la pili lilikuwa gumu zaidi. Haya kwetu si ugonjwa. Mtu akitukanwa kwamba hana haya, ametukanwa kabisa. Sasa mimi nilikuwa nikiwaambia watu waiondoe. Mzee mmoja wa soko la samaki aliniuliza barabarani kama nataka watu watembee uchi. Nilimjibu kwa maneno ya kitabu, haraka, kama mtu anayejua. Leo ningemjibu kwamba swali lake ni zuri na kwamba sina hakika. Wakati ule nilipenda kuwa na hakika. Barua zilikuja, vipande vya madaftari vilivyokunjwa mara nne, na nilizisoma hewani bila majina. Mwanamume aliyeficha kwamba amefukuzwa kazi, kila asubuhi anatoka na mfuko wake kwenda kukaa kando ya mto Lukuga mpaka saa tisa. Msichana aliyewaambia wenzake kwamba mama yake ni shangazi yake. Niliwajibu wote kwa sauti yangu nzuri: semeni. Niliposema neno hilo nilijisikia msafi, kama mtu aliyekwisha kulitenda.

Mama Feza alikuwa na malewa yake karibu na lango la bandari, kibanda cha chakula cha mabati chenye mabenchi manne na masufuria matatu, na sisi wa redio tulikula pale mchana. Alikuwa mama mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye mwendo wa polepole, na alipika sombe, majani ya muhogo, kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, na mikeke, samaki wa ziwani, iliyokaangwa hadi mapezi yanavunjika kama biskuti. Redio yake ilikaa juu ya gunia la unga. Kila Jumatano saa tisa alifunga kibanda, akavaa kitenge cha kikundi na kwenda kwa wamama wenzake kuwasomea Biblia. Niliwahi kupita nje nikamsikia. Alisoma vizuri mno, kwa sauti ya chini, bila kukwama hata mara moja.

Siku moja nilikuwa nakula, naye akaketi mbele yangu akichambua ndagala, dagaa wa kwetu, kwenye ungo, jambo ambalo hakulifanya kwa wateja.

"Mutoto yangu, ile kitabu yako inasema muntu akisema haya yake, haya inaisha?"

"Inasema inapungua nguvu, Mama."

"Hata kama ameificha miaka mingi?"

"Hata kama."

"Na wale wenye anawaambia?"

"Wenye wanamupenda watamuelewa," nikasema. Nilikuwa na tonge mdomoni. Hilo ndilo linalonirudia hata sasa, kwamba nilimjibu nikiwa na tonge mdomoni, nikawahi kumeza ili niongeze sombe.

Yaliyotokea Jumatano iliyofuata nilisimuliwa na Riziki, ambaye tulikuwa rika moja. Mama yake alisimama mbele ya wamama kama kawaida, akafungua Biblia, kisha akaifunga. Akawaambia kwamba hajui kusoma. Hakuwahi kujua. Kila Jumatano asubuhi Riziki alimsomea fungu mara nne, mara tano, mpaka alishike, na mbele yao alikuwa akilitoa kichwani huku kidole kikipita kwenye mistari. Miaka kumi na mmoja. Mama mmoja akacheka. Riziki alisema hakikuwa kicheko cha ubaya, ni kile kinachomtoka mtu akishtuka, lakini kilifungua wengine. Mwenyekiti wao aliposema, hakucheka. "Basi miaka yote hii ulikuwa unatudanganya mbele ya Mungu." Akanyoosha mkono, akachukua Biblia kutoka mikononi mwa Mama Feza, akampa mwingine. Wakasoma fungu la siku hiyo, wakaomba, wakaenda nyumbani.

Baada ya hapo habari ilishuka hadi bandarini kabla ya jua kuzama. Wateja wengi hawakumjali, walitaka bugali yao. Lakini wapo waliomwonyesha risiti wakimwuliza imeandikwa nini, wakamwangalia usoni. Asubuhi moja nilimkuta amepiga magoti, anasugua mlango wa kibanda kwa majivu na kitambaa, machozi yanateremka. Mtu alikuwa ameandika kitu kwa makaa. Nilikuwa nimepita pale mapema, nimekiona. Kilikuwa jina lake tu, FEZA, kwa herufi kubwa, nadhani mtu alitaka kukiremba kibanda. Yeye alikuwa na hakika kuwa ni tusi. Nilisimama nyuma yake, nikashindwa kumwambia, maana kumwambia kungekuwa kumwonyesha tena kile alichokikosa. Alisugua hadi rangi ya mlango ikatoka.

Wiki hiyo hiyo alikuja redioni. Alikaa kwenye kiti cha wageni, chini ya trei za mayai, mkoba magotini, akitazama mikro kana kwamba inaweza kumsikia.

"Sikuje kugombana," akasema. "Nimekuja kuuliza. Wewe yako ulimuambia nani?"

"Yangu, Mama?"

"Haya yako. Wewe njo unatufundisha. Ulianza na nani?"

Papa Anselme alikuwa uani na fundi wa jenereta. Tulikuwa wawili tu. Kama kuna dakika moja katika maisha yangu ambayo ningeomba kurudishiwa, si ile ya poda. Ni hii.

"Mimi sina kitu nimeficha, Mama."

Nadhani aliamini, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angenishuku. "Basi uko na bahati," akasema, akainuka kwa kushika meza, akaondoka.

Nilirudi kwenye kitabu nikitafuta cha kumwambia. Katikati kulikuwa na sura niliyoiruka, kwa kuwa sentensi zake zilikuwa ndefu, Kifaransa chake kilinishinda, na haikuwa na mifano mizuri ya kusoma hewani. Niliisoma sasa kwa siku tatu, neno kwa neno. Ilikuwa inaonya. Ilisema kidonda hakifunguliwi mbele ya kila mtu. Kwamba kabla ya kusema, mtu atazame kwanza mikono itakayopokea. Kwamba wapo watu wema kabisa ambao hawawezi kubeba siri ya mwenzao, na kuwapa ni kuwaonea wao na kujiumiza mwenyewe. Yote aliyoniuliza Mama Feza siku ile ya ndagala yalikuwa pale, yamejibiwa. Nilikuwa nimewasomea watu dawa nikaacha kuwasomea kipimo, kwa sababu sikujua kusoma vya kutosha na sikutaka ijulikane. Mpaka hapo nilikuwa nadhani uongo wangu haumgusi mtu yeyote.

Nilimwendea alasiri, wateja wakiwa wameondoka. Alikuwa akiosha masufuria. Nilichukua kitambaa nikaanza kuyakausha, na nikiwa nimeinamia sufuria nilimweleza yote: orodha ukutani, jirani, poda, Kinshasa, na jibu nililompa redioni. Nilimweleza pia ile sura. Nilitegemea nini, sijui. Labda anikumbatie. Katika kitabu watu walikumbatiana sana.

Aliendelea kusugua. "Unaniambia mimi," akasema mwishowe, "juu mimi sina kitu naweza kukufanya."

Nilizidi kufuta sufuria iliyokwisha kukauka.

"Nilisimama mbele ya wale wenye walikuwa na uwezo wa kuniondoa. Wewe unakuja kwa mupishi. Nenda kwa Papa Anselme."

"Atanifukuza, Mama."

"Njo vile," akasema, bila ukali. Akanipa sufuria nyingine nikaushe.

Ilinichukua siku tisa. Papa Anselme alinisikiliza akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi, tangazo la kifo mbele yake. Nilipomaliza alikaa. Hakunipigia kelele, heri angenipigia. Aliniuliza maswali ya kimwalimu: mara ngapi nilianguka, masomo gani, nani mwingine anajua. Kisha akasema kwamba aliweka sahihi yake kwenye faili langu, akalipeleka kwenye biro, ofisi za jimbo, na kwamba kwa miezi mingi jina lake limekuwa likilala kando ya uongo wangu bila yeye kujua. Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa nimeihesabu haya kuwa yangu peke yangu, kama chumba changu mwenyewe, kumbe nilikuwa nimempangisha mtu ndani yake. Alinitoa kwenye mikro siku hiyo hiyo. Jumamosi yake walipiga muziki wa kwaya nusu saa nzima, na hakuna aliyeeleza kitu. Nilipokuwa napanga vitu vyangu aliniambia, bila kuinua macho, kwamba wanaojisomea nyumbani wanaruhusiwa kuandikishwa kwa mtihani, na kwamba Kifaransa changu kina kosa moja linalojirudia, matumizi ya nyakati zilizopita, nalo linarekebishika.

Sikuwa na kazi, basi nilikwenda kwa Mama Feza kuomba. Alinipa masufuria. Nilimenya, niliosha, nilitwanga sombe mpaka viganja vikawa vigumu, na baada ya saa nane, mabenchi yakiwa matupu, nilijisomea masomo yangu pale pale. Siku moja aliketi karibu akaniambia nimwonyeshe herufi ya kwanza ya jina lake. Nilimwandikia zote nne nyuma ya bahasha. Alizitazama sana, akatazama mlango wake uliochubuka, kisha mimi. Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Alipitisha kidole juu ya zile nne. Halafu akaomba nyingine.

Hakukuwa na muujiza katika masomo yale. Alichoka, alikasirika, alichanganya b na d, kuna wiki alikataa kabisa kugusa kalamu akisema macho yake ni ya moshi. Nami nilikuwa mwalimu mbaya, mwenye haraka. Tulikuwa wanawake wawili waliochoka, kila mmoja ameiona aibu ya mwenzake, tukisoma juu ya meza yenye harufu ya samaki kwa sababu hatukuwa na mahali pengine. Yeye hakuwahi kuniambia amenisamehe na mimi sikumuuliza. Ila mchana alianza kunitengea kichwa cha mukeke, ambacho alijua nakipenda. Mwaka ulipokwisha aliweza kusoma majina ya mashua bandarini, polepole, akitembeza midomo, na mistari michache akipumzika katikati. Mimi nilifaulu mtihani, kwa shida, na nilijua kwa kuwa nilisoma orodha ya shule mwenyewe mara saba. Diploma ilifika kweli kutoka Kinshasa baada ya miaka minne. Iko kwenye kabati la biro ya shule ninapofanya kazi, na sijaitundika.

Kabla mwaka haujaisha, mwenyekiti wa wamama alikuja kwenye malewa, akala, akangoja watu wapungue. Alimwomba Mama Feza arudi kuwasomea. "Sasa si unajua," akasema, na nadhani kwake hiyo ilikuwa ndiyo njia ya kuomba radhi. Mama Feza alimwambia atarudi, lakini hatasoma. Jumatano hiyo nilimsindikiza. Aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, na msomaji alikuwa yule mama aliyepewa Biblia siku ile, mwanamke mwembamba mwenye woga, aliyekwama kila mstari, akarudia, akakosea, akarudia tena. Nilimtazama Mama Feza kuona kama atatabasamu. Alikuwa ameinamisha kichwa, ametulia.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kama haimuumi kukaa nyuma.

"Inauma," akasema.

Tulitembea kidogo, tukapisha pikipiki mbili.

"Lakini ile miaka yote nilisimama pale na woga. Nilikuwa nashika maneno moja-moja, yasianguke. Sikusikia hata siku moja yanasema nini. Leo yule mama amesoma mubaya vile, na nimesikia yote."

Nilimuuliza yalisema nini. Akanieleza, kutoka pale tulipokuwa mpaka mlangoni kwake, kwa maneno yake mwenyewe, akisimama kila alipotaka kufikiri.